Kifaru cha lego kilichokataa kugeuka: kisa cha Lamu, na kwa nini mota hazikuwa na makosa

Watu wengi wakiona kifaru cha lego kinakwama husema neno moja tu, ongeza mota. Nimekaa kuandika hiki kisa kwa urefu manake hapa Lamu tulikuwa na kimoja chenye mota mbili kubwa na bado kilikuwa kinazimika kila kikigeuzwa, na mota zenyewe nzima zote mbili. Nguvu ilikuwepo, ilikuwa inaliwa njiani kabla haijafika chini.

Nianze na chenyewe kilivyo. Amekijenga mtoto wa ndugu yangu, yuko kidato cha tatu, vitofali vingine ameletewa na mjomba wake anayekaa Uingereza na vingine ni mtumba kutoka Mombasa, kwa hivyo rangi ni mchanganyiko, kijani na kijivu na huku chini nyekundu, na hilo mimi halinisumbui hata kidogo. Alitaka T-34, kile kifaru cha Kisovieti kilichoanza kutengenezwa 1940, chenye magurudumu makubwa matano kila upande na spoketi ya kuvuta, lile gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo, iko nyuma. Seti ya Lego ya kifaru hiki hakuna, kampuni yenyewe huko Denmark haitaki kutengeneza silaha za kivita za kisasa, kwa hivyo ukiona kifaru cha lego ujue kuna mtu amekaa akakibuni mwenyewe kuanzia tundu la kwanza. Huyu kijana alifanya hivo kwa picha na rula na subira nyingi. Mtoto wa umri ule kuweza kutoa umbo la mbele lililolala vile, lile bamba la mteremko ambalo T-34 inajulikana nalo, kwa vitofali ambavyo vyote ni pembe mraba, hiyo ni kazi ya heshima wallahi.

Umeme wake ni ule mfumo wa Power Functions uliotoka 2007, siku hizi kampuni haiutengenezi tena lakini mtumba bado unapatikana. Mota mbili za XL, zile kubwa, moja kwa kila mnyororo, kisanduku cha betri sita za AA, resiva ya kupokea ishara, na rimoti ndogo yenye vishikio viwili, cha kushoto kinaendesha mnyororo wa kushoto na cha kulia vivyo hivyo. Vyote mbele kinaenda mbele, kimoja mbele kimoja nyuma kinazunguka palepale, ndo namna vifaru hugeuka.

Sasa malalamiko yake. Aliniambia, "Ami, kwenye sakafu kinaenda lakini kinavuta kushoto, kwenye mkeka nikikigeuza kinalia krrr alafu kinazima, nikikaa kidogo kinawaka tena. Na nje mchana rimoti haishiki." Walikuwa washamshauri wenzake anunue mota mbili zaidi aziunge nyuma, na mwengine akamwambia atie raba kwenye minyororo ishike vizuri, na hiyo ya raba alishaitia. Hela ya mota alikuwa anaitafuta. Nikamwambia usinunue kitu, lete hapa.

Betri zilinichukua muda mfupi. Alikuwa anatumia za kuchaji, na hizo kila moja ni volti 1.2 si 1.5, sita zinakupa 7.2 badala ya 9, kwa hivyo tayari umeanza safari na upungufu. Hilo peke yake si tatizo, watu wanaendesha hivo kila siku. Lakini nilipopima moja moja na mita wakati mota zinazunguka, moja ilikuwa inaporomoka vibaya, mzigo ukija inaanguka na kuwavuta wenzake wote maana zimefuatana msitari mmoja. Tukaitoa. Alafu zile springi za kisanduku zilikuwa zimeota kutu ya kijani, hii hewa yetu ya chumvi haimwachi mtu, ukikaa pwani kila springi ya kisanduku cha betri ni ya kusafishwa mara kwa mara, nikasugua na msasa laini nikafuta na spiriti. Kikapata uhai kidogo. Kugeuka, bado.

Hapo ndo nikafanya kitu ambacho nataka kila mwenye kifaru akifanye kabla hajafungua mkoba: kiinue, minyororo izunguke hewani, upime umeme kinaokula. Njia ni rahisi, unachukua kipande cha karatasi ngumu, unabandika foili pande zote mbili zisigusane, unakichomeka kati ya betri na springi yake, alafu waya za mita unagusisha foili hii na ile, mita umeiweka kwenye ampea. Umeme wote sasa unapita kwenye mita. Mota ya XL ikiwa mtupu kabisa inakula kidogo mno, chini ya ampea 0.1. Upande wa kulia ulikuwa unakula mara mbili ya hapo, ambayo kwa mnyororo na gia na magurudumu matano si mbaya. Upande wa kushoto ulikuwa unakula karibu mara nne, na hapo hakijagusa chini! Ndo kule kuvuta kushoto. Mnyororo wa kushoto ulikuwa mzito, unakwenda polepole kuliko mwenzake, kifaru kinaelekea kwake.

Tukachomoa ekseli za upande ule moja moja. Ya tatu ilitoka na unga, unga mweusi mwembamba umeganda pale ekseli inapopita tunduni. Lile ni plastiki linajila lenyewe. Sababu ni bushi, kale kapete kanakozuia ekseli isitoke, alikasukuma mpaka mwisho kakabana ukuta wa kitofali. Bushi inataka nafasi ya unene wa karatasi, si zaidi, lakini hiyo lazima iwepo. Nikamwambia chukua karatasi ya daftari, iweke kati, sukuma bushi, alafu chomoa karatasi. Akafanya kwa magurudumu yote kumi. Kile kifaru kikawa kinakwenda sawa bila kugusa kitu kingine chochote.

Basi turudi kwenye ile krrr. Hii sauti mafundi wa lego wote wanaijua, ni gia zinaruka meno. Na gia za plastiki hazirukani kwa sababu ni dhaifu, zinarukana kwa sababu zimeachana, na zimeachana kwa sababu fremu iliyozishika imefunguka. Hapa ndo penyewe, na hapa ndo naona vijana wengi wanapoteza, wanajenga fremu kwa kupachika vitofali juu ya vitofali kama nyumba ya watoto wadogo, na kwa nyumba inatosha kwa sababu nyumba haina kitu kinachosukuma kutoka ndani. Kwenye kifaru gia ya mota inasukuma gia ya spoketi kwa nguvu, na ile nguvu haiendi mbele peke yake, nyengine inazisukuma zile ekseli mbili ziachane. Vile vichuchu vya juu ya kitofali vinashika kwa msuguano tu. Ukibana vya kutosha, vinaachia nusu milimita, na nusu milimita inatosha jino kuruka.

Dawa yake ni ya zamani, iko tangu Technic yenyewe, ile lego ya matundu na gia, ilipotoka 1977, na ni hesabu nzuri sana. Matundu ya kitofali cha Technic yanaachana milimita 8. Kimo cha kitofali ni 9.6. Bamba jembamba ni 3.2, yaani theluthi ya kitofali. Sasa ukipanga kitofali juu ya kitofali, matundu ya juu na ya chini yanaachana 9.6 na hakuna kipande chochote cha wima kitakachoingia kwenye yote mawili. Lakini ukitia mabamba mawili katikati, 9.6 kujumlisha 6.4 inakuwa 16, na 16 ni matundu mawili kamili, kwa hivyo unachukua mhimili, kile kipande kirefu chenye matundu, unausimamisha wima unapiga pini juu na chini, na pale hapafunguki tena mpaka uvunje plastiki. Kitofali, mabamba mawili, kitofali. Kijana alikuwa ametia bamba moja tu. Moja! Na vipande vya wima alikuwa navyo kwenye kopo, hakuvitia kwa sababu havikuingia, akadhani si mahali pake.

Tulibomoa nyuma yote. Nilimuona anaumia kidogo, ile sehemu ilimchukua muda, lakini hakusema kitu. Tukaijenga upya, mihimili minne ya wima, miwili kila upande wa gia, na kila ekseli ikapita kwenye kuta mbili badala ya moja. Krrr ikaisha siku hiyo hiyo.

Na bado hakikugeuka kwenye mkeka. Sasa kilikuwa kinajaribu kimya kimya, mita ikaruka zaidi ya ampea 2, alafu mfumo ukakata. Ile kukata na kurudi baada ya muda ni kinga, umeme ukizidi inajizima ikipoa inarudi, kwa hivyo ukiona kifaru chako kinakufa na kufufuka usikitupe, kinajilinda.

Hapa nikaacha bisibisi nikachukua rula. Kifaru kikigeuka, mnyororo hauzunguki tu, unaburutwa kwa ubavu, mbele unaburutwa huku na nyuma unaburutwa kule. Ukiwa na mnyororo mrefu unaogusa chini, na minyororo miwili iko karibu karibu, unataka nguvu nyingi sana kuuburuta kwa sababu mkono unaougeuza ni mfupi. Wanaobuni vifaru vya kweli wanaangalia hesabu moja, urefu wa mnyororo unaogusa chini ugawanye kwa umbali wa katikati ya mnyororo huu mpaka katikati ya ule. Ikija karibu na 1.5 ni nzuri. Ikifika 1.8 unaanza kuteseka. Nikapima cha kijana: urefu unaogusa sentimita 24, umbali wa katikati kwa katikati sentimita 12. Hiyo ni 2 kamili. Na juu ya hapo ametia raba, yaani amekifunga miguu alafu akakivisha viatu visivyoteleza.

Nikamuuliza ulipata wapi vipimo. Akasema urefu alipima kwenye mchoro akagawanya kwa 16, upana alikosa mabamba mapana akajenga kwa aliyokuwa nayo. Tukarudi kwenye kile cha kweli. T-34 ina upana wa mita 3 kamili. Ukigawanya kwa 16 unapata sentimita 18.75. Cha kwake, 12 ya katikati na ule mnyororo wa upana wa matundu matano ambao ni sentimita 4, jumla 16. Amekipunguza karibu sentimita tatu! Tukasogeza kila mnyororo nje matundu mawili, milimita 16 kila upande, umbali ukawa 15.2 na upana wote 19.2, ambayo inakaribia kabisa kipimo cha kweli. Hesabu ikashuka kutoka 2 mpaka 1.58. Na sura pia ikakaa, ndo nikaelewa kwa nini siku zote nilikuwa nakiona kimesinyaa na sijui kwa nini. Wale wahandisi wa Kharkiv hawakuchagua ule upana kwa kupendeza macho.

Kuna jengine dogo tukaongeza. Gurudumu la kwanza la mbele tulilipandisha bamba moja, zile milimita 3.2. Kwenye sakafu ngumu haligusi, kwa hivyo kinachobeba ni magurudumu manne na urefu unaogusa unakuwa 18 badala ya 24. Kwenye mchanga kinazama kidogo na lile lililopandishwa linaanza kubeba na wenzake, pale ambapo unahitaji kweli mnyororo mrefu. Kisanduku cha betri tukakisogeza nyuma kidogo uzito usikilaze mbele. Hii ya kupandisha gurudumu nikipewa nafasi ya kumwambia mtu kitu kimoja tu kuhusu kifaru cha lego ningemwambia hii, haina gharama na tofauti unaiona kwa macho.

Gia nazo. Alikuwa ametoa mota kwenye gia ya meno 20 akaendesha ya meno 12, kwa sababu XL ni ya polepole, mizunguko 220 kwa dakika ikiwa mtupu kwenye volti 9, akataka mbio. Namuelewa, kila mtu anataka mbio. Nikamwomba azigeuze tu, 12 iendeshe 20, hizo hizo gia, hakuna cha kununua. Nguvu kwenye spoketi inaongezeka karibu mara 2.8 kwa kitendo hicho kimoja. Mbio zimepungua, ndio, ila sasa kinatembea kama kitu kizito, na kifaru kikubwa kikienda mbio kama panya hakipendezi hata kukitazama.

Minyororo ilikuwa imekazwa mno, alitoa kipande kimoja kila upande ili isilegee. Tukakirudisha. Mnyororo wa juu unatakiwa ubonyee kidogo ukiugusa, ukiukaza unakula nguvu kwenye kila kiungo, ukiulegeza sana unatoka kwenye spoketi kikigeuka. Raba hatukuzitoa zote, tumeacha kwenye kila kipande cha tatu, kwa sababu sakafu za nyumba zetu nyengine ni laini sana na bila raba kabisa mnyororo unateleza bure.

Jua sasa. Rimoti ya mfumo ule ni ya infrared, taa isiyoonekana inayopepesa mara 38,000 kwa sekunde, na jua letu la saa sita limejaa infrared tele, resiva inapofushwa. Haiharibiki, haioni tu. Ndani ya nyumba ni kinyume chake, zile kuta nyeupe za chokaa zinairudisha ile taa kila upande, unaweza kuielekeza rimoti ukutani na kifaru kikasikia. Hata kwenye vichochoro vya Langoni inashika vizuri kwa sababu vichochoro ni vyembamba na jua halifiki chini. Pale uwanjani Mkunguni mbele ya ngome mchana, sahau, ungoje alasiri. Tulichofanya ni kuijengea resiva kibanda cha vitofali vyeusi juu na pande mbili, ikabaki wazi nyuma peke yake, na mwendeshaji anatembea nyuma ya kifaru. Imesaidia, hasa asubuhi na jioni. Mfumo mpya wa Powered Up unatumia bluetooth na hauna shida hii, lakini bei yake si ya kijana wa shule, na kununua bluetooth kwa fremu inayofunguka ilikuwa ni kutupa hela baharini.

Mchanga wa Shela ni majaribu yake. Ule wa vilima ni laini mno na unaingia kila mahali, katikati ya viungo vya mnyororo, ndani ya matundu ya ekseli. Kinapita, nimekiona kinapanda mteremko mdogo bila kulalamika, lakini ukirudi nyumbani minyororo itolewe, ioshwe na maji baridi, ianikwe kivulini. Mota na resiva maji yasizikaribie. Na tafadhali musitie mafuta ya cherehani kwenye ekseli, mchanga ukikutana na mafuta unakuwa msasa, utakuta matundu yote yameliwa yamekuwa mayai.

Mama yake alikuja kukitazama kikizunguka kwenye mkeka ule ule, kulia, kushoto, mzunguko mzima bila kusita, mita inasoma chini ya ampea 1. Akasema ni kizuri, "lakini mwanangu huo mtutu usimwelekeze mtu." Kijana akaugeuza kwa mkono kuelekea dirishani.

Kwa mkono, kwa sababu kichwa cha juu bado hakina mota, na hilo ndo lililobaki. Mota ya M, ndogo kuliko XL, anayo, na nafasi ipo. Kinachotusumbua ni waya, ukiiweka mota ndani ya kichwa waya inajisokota kila kikizunguka na mwisho inang'oka, ukiiweka chini kwenye mwili basi gia itapita katikati ya kile kipete cha kuzungukia na pale pale ndipo resiva inapokaa. Mimi nataka mota iwe chini na resiva ihamie nyuma juu ya spoketi, itaona vizuri zaidi kwa anayetembea nyuma. Yeye anataka resiva ibaki, kichwa kizunguke nusu tu kulia na nusu kushoto, waya iwe ndefu ya kutosha. Tutajenga yake kwanza, maana haibomoi kitu.